Yashica Mat-124G na filamu ya 120: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapokuta kamera ya Yashica ya lenzi mbili kwenye kabati la babu, au anapoinunua kwa mtu anayehama nyumba. Majibu yameandikwa kwa ajili ya Yashica Mat-124G, lakini mwenye Rolleiflex, Minolta Autocord au Lubitel naye atafaidika na sehemu kubwa. Pale kamera hizo zinapotofautiana kwa jambo lenye uzito, nimetaja. Vilio vingi kuhusu kamera hizi havitokani na ubovu. Vinatokana na kufanya jambo la pili kabla ya la kwanza, ndiyo maana majibu mengi hapa yanazungumzia utaratibu.

## Kuifahamu kamera

Kwa nini ina lenzi mbili?

Lenzi ya chini ndiyo inayopiga picha, ya juu ni ya kukuonyesha unachokipiga. Ya juu ni ya milimita 80 yenye f/2.8 (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Mwanga unaoingia kwake hugonga kioo kilichoinama nyuzi 45 na kupanda hadi kwenye skrini unayoitazama kwa kuinamisha kichwa. Ya chini ni Yashinon ya milimita 80 yenye f/3.5, na ndani yake ndimo ilimo shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu. Zote mbili zimefungwa kwenye bamba moja, kwa hiyo ukilenga kwa ya juu, ya chini nayo imeshalengwa.

Faida yake ni mbili. Kwanza, unaendelea kumwona mtu hata wakati shata inafunguka, kwa hiyo unajua palepale kama amefumba macho. Pili, kioo hakiruki ndani ya kamera, basi mtikisiko ni mdogo. Mkanda ukiwa umekaza shingoni, 1/30 ya sekunde mkononi inawezekana bila taabu.

Ni ya zamani kiasi gani?

Yashica ilianza kutoa kamera za jina la Mat mwaka 1957. Mat-124 ilifuata mwaka 1968, na 124G ikaanza mwaka 1970 ikaendelea kutengenezwa hadi 1986. Hata iliyo changa kabisa ina umri wa mtu mzima mwenye watoto, na mafuta yaliyomo ndani yake yana umri huohuo kama hayajawahi kubadilishwa. Tazama swali la shata isiyofunga, kwenye sehemu ya Matatizo.

Hiyo "fomati ya kati" ni nini hasa?

Ni ukubwa wa negativu. Filamu ya kawaida ya milimita 35 hutoa picha ya milimita 24 kwa 36. Yashica hii hutoa mraba wa takriban milimita 56 kwa 56, yaani eneo mara tatu na nusu hivi. Ndiyo sababu picha yake inakuzwa sana bila kupoteza ulaini wa ngozi au nyuzi za kitambaa. Gharama yake ni idadi: filamu moja ni picha 12, basi.

Bila betri inafanya kazi?

Inafanya. Shata, hendeli ya kusogezea filamu na ulengaji wa lenzi vyote vinaendeshwa kwa chuma na springi. Betri ni ya kipima mwanga peke yake, na ukijua kukisia mwanga huna haja nayo.

## Filamu: kutia na kutoa

Ninunue filamu gani?

Yoyote iliyoandikwa 120. Kodak walianza kuiuza mwaka 1901 na bado inatengenezwa. Za rangi nyeusi na nyeupe zinazopatikana ni Ilford HP5 Plus na FP4 Plus, Kodak Tri-X, na Fomapan kwa mwenye bajeti ndogo. Za rangi kuna Kodak Portra, Ektar, na Gold 200 iliyorudi kwa umbo la 120 mwaka 2022.

Kwa anayeanza kupiga mchana wa jua la Pwani, ningemwambia achukue ya ISO 100 au 125 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga). ISO 400 kwenye mchanga mweupe saa sita mchana inakubana: shata inaishia 1/500, kwa hiyo utalazimika kubaki f/16 au f/22 na huwezi kulainisha mandhari ya nyuma hata ukitaka.

Inatiwaje?

Kaa kivulini. Jua kali la moja kwa moja hupenya pembeni mwa karatasi.

Fungua mgongo wa kamera kwa kuzungusha kitasa cha chini. Utaona vyumba viwili, cha chini na cha juu. Spuli tupu, yaani kile kijiti kinachokunjiwa filamu, lazima iwe chumba cha juu. Kama imebaki chini baada ya filamu iliyopita, vuta kifundo cha pembeni, itoe, uihamishie juu. Filamu mpya inakaa chini.

Kata kijikaratasi kinachoifunga filamu, vuta karatasi juu taratibu, na uchomeke ncha yake kwenye mwanya wa spuli tupu. Upande mweusi wa karatasi ndio unaotazama lenzi, wenye maandishi unakutazama wewe. Zungusha hendeli kidogo huku kidole gumba kikiizuia filamu ya chini isilegee. Hapa watu huharakisha, na karatasi iliyoingia upande itaendelea kwenda upande hadi picha ya kumi na mbili. Angalia kingo zote mbili: zinatakiwa kukaa sawa ndani ya masikio ya spuli.

Endelea kuzungusha hadi mshale mkubwa uliochapwa kwenye karatasi ulingane na alama ya kuanzia iliyo pembeni mwa kamera kwa ajili ya 120. Simama hapo hapo. Funga mgongo, kaza kitasa, kisha zungusha hendeli mbele mpaka igome yenyewe. Kaunta itasoma 1. Rudisha hendeli nyuma hadi mahali pake na uko tayari.

Autocord ni kinyume: filamu huanzia juu na kushuka. Lubitel haina kaunta ya kujisimamisha, unafuata namba kupitia kidirisha chekundu mgongoni.

Kile kibamba chenye 12 na 24 ni cha nini?

Kamera hii ilitengenezwa ipokee filamu mbili: 120 yenye picha 12, na 220 yenye picha 24. Filamu ya 220 ilianza mwaka 1965. Haina karatasi mgongoni isipokuwa mwanzo na mwisho, kwa hiyo ni nyembamba zaidi, na bamba linaloikandamiza lazima lisogee ili liendane nayo.

Leo 220 ni nadra. Hakikisha bamba liko kwenye 12 na uangalie namba inayoonekana kwenye kidirisha cha pembeni kabla ya kufunga. Likiwa kwenye 24 huku umetia 120, kaunta haitasimama kwenye 12 na filamu itabanwa kupita kiasi. Hili ni la kuangaliwa hasa kwa kamera uliyoinunua karibuni, kwa sababu hujui mwenzio aliiachaje.

Nimemaliza picha ya 12. Nairudishaje nyuma?

Huirudishi. Filamu ya 120 hutoka spuli moja kwenda nyingine na kubaki huko. Zungusha hendeli mpaka usikie ulaini, maana yake karatasi yote imeshapita, ongeza mizunguko miwili, kisha fungua kivulini. Toa filamu ya juu bila kuiacha ijifungue, kunja ncha ya karatasi, lamba gundi na ubandike ikaze. Ikilegea, mwanga unaingia kingoni na picha zinaungua kuanzia pembeni.

Spuli tupu iliyobaki chini usiitupe. Ndiyo itakayopokea filamu ijayo.

Naweza kutoa filamu katikati ya picha na kuirudisha baadaye?

Si kwa kamera hii. Ukifungua mgongo katikati, picha zilizo wazi zitaungua, na jirani zake pia. Anayehitaji kubadilisha filamu katikati anatafuta kamera ya mgongo unaobanduka, kama Hasselblad 500C/M au Mamiya RB67.

Nina filamu iliyoandikwa 620. Itaingia?

Hapana. Filamu yenyewe ni ileile, ila spuli yake ni nyembamba na haikai. Unaweza kuihamishia kwenye spuli ya 120 gizani, lakini ni kazi ya mtu mwenye subira.

## Kuona na kulenga

Mtu akisogea kushoto, kwenye skrini anakwenda kulia. Kamera imeharibika?

Iko sawa. Kioo kimoja hugeuza kushoto na kulia, na hakuna kioo cha pili cha kuirudisha. Mtoto akikimbia kuelekea kulia kwako, kwenye skrini atakimbilia kushoto. Mfuate mtoto, usiifuate taswira. Hali hiyohiyo huwachanganya watu wanaponyoosha upeo wa bahari: bahari ikionekana imelala upande mmoja, ukijaribu kuinyoosha, mara ya kwanza huwa unaizidishia.

Kwa vitu vinavyokwenda kasi, kama ngalawa za mashindano au mpira wa uwanjani, sukuma bamba la katikati la kifuniko liingie ndani na utapata dirisha la mraba la kutazamia moja kwa moja kwa jicho. Hulengi kwa dirisha hilo. Unaweka umbali kwanza, halafu unatazama.

Nalengaje ili picha iwe kali?

Inua kile kioo kidogo cha kukuza kilichomo ndani ya kifuniko na ulete jicho karibu kabisa. Kulenga kwa kutazama skrini kutoka kifuani bila kioo hicho ni kubahatisha. Zungusha kifundo cha kushoto upite kidogo ule ukali, kisha urudi. Kwa picha ya mtu, lenga jicho lililo karibu nawe.

Ujue pia nafasi uliyo nayo. Kwa mita 1, ambayo ndiyo karibu kabisa ya kamera hii, na f/3.5, kina cha ukali ni kama sentimita tano: jicho kali, sikio tayari limeyeyuka. Kwa f/8 ukilenga mita 5, kila kitu kati ya karibu mita 4 na mita 7 kitakubalika. Na kwa f/16 ukiweka mita 8, kuanzia mita 4 hadi mwisho wa macho unakuwa salama. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotumika sokoni na mitaani: unaweka mara moja, hulengi tena.

Mbona kichwa kimekatwa, na kwenye skrini kilikuwa kizima?

Lenzi ya juu iliona kichwa, ya chini haikukiona. Kwa umbali wa mita 3 na kuendelea tofauti ni ndogo mno kuisumbukia. Ukiwa mita 1 hadi mita 1.5, inakula sehemu ya juu ya picha. Dawa rahisi ni kuacha nafasi ya kutosha juu ya kichwa. Ukiwa kwenye stendi ya miguu mitatu, panga picha yako, kisha inua kamera kwa umbali ulio kati ya katikati ya lenzi mbili kabla ya kubonyeza.

Watu wangu wote wanaonekana kama wametazamwa kutoka chini.

Kwa sababu ndivyo walivyotazamwa. Ukiishika kamera tumboni, lenzi iko usawa wa kitovu chako. Kwa mtoto au mtu aliyeketi barazani hapo ni mahali pazuri mno, na ndipo kamera hii inapong'ara. Kwa mtu mzima aliyesimama utaona pua na kidevu. Panda ngazi moja, au mketishe.

Kuna jambo jingine la kuinama: hujafunika uso wako na kamera, na macho yako yako chini. Watu wengi hulegea mbele ya mpiga picha wa namna hiyo. Lakini si ruhusa ya kupiga watu kwa siri. Omba.

## Mwanga

Kipima mwanga cha kamera kinaaminika?

Kama bado sindano inasogea, kinaweza kukupa wazo. Zaidi ya hapo ningekuwa na wasiwasi. Ni cha umri wa miaka arobaini au zaidi, kinapima eneo pana la mbele bila kuchagua, na kipimo chake cha ASA (jina la zamani la ISO) kinaishia 400. Kilinganishe na programu ya kupima mwanga kwenye simu. Kikitofautiana kwa kiasi kilekile kila mara, kitumie kwa kurekebisha namba ya ASA. Kikipepesuka, kiache.

Kumbuka kwamba kinawaka ukifungua kifuniko cha juu na kuzimika ukikifunga. Kuiacha wazi mezani usiku kucha ni kuimaliza betri.

Inatumia betri gani?

Iliundiwa betri ya zebaki ya PX625, ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena kwa sababu ya sumu yake. Ile ya alkalini ya umbo hilo inaingia vizuri, lakini ina volti 1.5 na zinashuka kadiri inavyotumika, basi kipimo hakitulii. Bora zaidi ni betri namba 675 ya vifaa vya kusikilizia, ya volti 1.4, ikiwekewa pete ya kuijaza nafasi. Inadumu miezi michache tangu ubandue stika yake, na duka la dawa lenye vifaa vya masikio huwa nayo.

Bila kipima nitajuaje mwanga?

Jua kali, vivuli vyenye kingo: weka f/16, na shata iwe namba iliyo karibu na ISO ya filamu. Kwa ISO 100 ni 1/125, kwa ISO 400 ni 1/500. Jua likiwa na utando wa mawingu, f/11. Mawingu mazito, f/8. Kivuli cha mwembe au upenu wa nyumba mchana, f/5.6 au f/4. Ndani ya nyumba karibu na dirisha, anza na f/3.5 kwa 1/30 ukiwa na ISO 400.

Kwenye mchanga mweupe au ukuta wa chokaa unaorudisha mwanga, funga hatua moja zaidi, yaani namba ya f inayofuata, kama f/16 kwenda f/22. Na saa sita mchana, hata ukipatia namba, macho ya mtu yatakuwa mashimo meusi kwa sababu jua liko utosini. Msogeze kivulini au rudini saa kumi.

Nampigaje mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe?

Kipima mwanga chochote hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu. Kikiona kanzu kitakuambia upunguze mwanga, na uso utazama gizani. Kikiona uso mweusi pekee kitakuambia uongeze.

Kwa filamu ya negativu, nyeusi na nyeupe au rangi, pimia uso na uache hivyo hivyo. Negativu huvumilia mwanga uliozidi hatua moja au mbili, na kanzu itarudishwa wakati wa kuchapa au kuskani. Kisichorudi ni uso uliokosa mwanga: pale filamu haikuandika kitu, hakuna kitu. Sikubaliani na ushauri wa kufunga hatua moja ili "ngozi ibaki na weusi wake". Weusi huo unawekwa wakati wa kuchapa, siyo kwa kuinyima filamu mwanga. Kwa filamu ya slaidi hesabu inabadilika, maana yenyewe haisamehe mwanga uliozidi. Hapo pima mwanga unaoangukia uso, siyo unaotoka usoni.

Na usiku?

Stendi, waya wa kubonyezea, na B, ambapo shata hubaki wazi kadiri unavyoshikilia kitufe. Jua tu kwamba filamu huchoka katika mwanga mdogo: kipimo kikisema sekunde 10, HP5 Plus inataka kama 20. Chini ya sekunde moja huna haja ya kuongeza.

## Shata na flashi

Flashi iliwaka vizuri lakini filamu imetoka tupu.

Angalia swichi yenye M na X. M ni ya balbu za zamani zilizohitaji muda mfupi kufikia ukali wake, kwa hiyo flashi huamriwa kabla ya shata kufunguka. Flashi ya kisasa ikiwa kwenye M inawaka na kuzimika shata ikiwa bado imefungwa. Weka X na usiiguse tena.

Ukiwa kwenye X unaweza kutumia flashi kwa kasi yoyote, hata 1/500, jambo ambalo kamera nyingi za milimita 35 haziwezi. Mchana wa jua ni silaha nzuri ya kuondoa vile vivuli vya machoni.

Nibadilishe kasi kabla au baada ya kuzungusha hendeli?

Kasi nyingi hazina shida. Ila 1/500 ni salama zaidi kuiweka kabla, kwa sababu baada ya hapo springi imeshakazwa na unailazimisha. Zoea kuweka kasi kwanza kwa zote.

Na kile kicheleweshi cha kujipiga picha mwenyewe?

Usikitumie. Ni sehemu inayokwama kwa urahisi katika shata za umri huu, na ikikwama katikati inaizuia shata nzima. Waya mrefu wa kubonyezea unafanya kazi hiyohiyo.

## Kusafisha filamu

Nisafishie wapi?

Filamu ya rangi hutumia dawa ya C-41, ileile ya milimita 35, kwa hiyo studio yenye mashine hai na kishikio cha 120 inaweza. Uliza kishikio kwanza kabla hujaiacha. Dawa yake inataka nyuzi 38 na dakika 3 na sekunde 15, na haivumilii kubahatisha. Nyeusi na nyeupe safisha mwenyewe. Ni kazi ya jikoni, na huhitaji chumba cha giza: mfuko mweusi wa kubadilishia filamu unatosha.

Maji ya bomba kwangu ni ya moto kuliko nyuzi 20. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ni wa nyuzi 20. HP5 Plus ndani ya dawa ya ID-11 isiyozimuliwa kwa maji ni dakika 7 na nusu. Kila nyuzi inapopanda, muda unapungua kama asilimia 10, na ukishuka chini ya dakika 5 dawa haifanyi kazi sawasawa filamu nzima: anga linatoka na madoa.

Kwa hiyo changanya dawa nusu kwa nusu na maji. Muda wa nyuzi 20 unakuwa dakika 13, na kwa nyuzi 24 ni kama 9, ambao ni muda wa kustarehe. Chupa za dawa zisimamishe ndani ya beseni la maji na mfuko wa barafu ukiwa umefungwa vizuri, uache zishuke pole pole. Dawa ya kugandisha na maji ya kuoshea nayo yakaribiane na joto hilohilo. Kopo la kusafishia filamu la Paterson linataka mililita 500 kwa filamu moja ya 120. Ukiweka kiasi cha filamu ya milimita 35, ukingo mmoja utabaki bila dawa.

Filamu inagoma kuingia kwenye kirungu cha kopo, kile kinachokunjiwa filamu ndani yake.

Kirungu kina unyevu. Kikaushe kabisa. Mikono ikitoka jasho ndani ya mfuko, toa pumzi, tulia, endelea. Filamu ya 120 ni pana na laini, inajikunja ukiisukuma. Fungua karatasi hadi uguse filamu, tenganisha, na mwishoni bandua ile tepu polepole. Baadhi ya watu huikunjia tepu juu ya ncha ya filamu ili iwe ngumu kidogo kisha huanza kuingiza na ncha hiyo, na inasaidia.

Mashine za uwanja wa ndege zitaiunguza?

Mashine mpya zinazozungusha mwonzi kuizunguka mizigo ya mkononi huiharibu filamu, ya ISO yoyote. Mzigo unaoingia tumboni mwa ndege ni mbaya zaidi. Weka filamu kwenye mfuko unaoonekana ndani na uombe zikaguliwe kwa mkono, kwa adabu na mapema.

## Matatizo

Hendeli haizunguki.

Usiilazimishe. Mara nyingi shata bado haijapigwa, na kamera inakuzuia usipige picha mbili juu ya moja. Bonyeza kitufe kwanza. Kama kitufe nacho hakiingii, angalia kufuli linalozunguka kitufe. Kama vyote viko sawa na bado imegoma, ni kazi ya fundi. Meno ya ndani ni madogo, na nguvu ya mkono inayavunja.

Kwa sekunde 1 shata inafunguka na haifungi.

Mafuta yameganda. Ipige mara nyingi bila filamu kwa kasi zote. Wakati mwingine inaamka kwa muda. Dawa ya kweli ni kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya. Usinyunyizie mafuta ya cherehani kupitia mbele: yatasambaa kwenye mabawa ya shata na kuyagandisha kabisa.

Kuna michirizi ya mwanga kwenye picha.

Ikiwa kingoni tu, soma tena swali la kumaliza filamu. Ikiwa inaingia katikati na mahali palepale kila picha, sponji ya mlango wa nyuma imeoza. Ikwangue kwa kijiti na spiriti, ubandike mpya.

Lenzi ina kitu kama utando wa buibui.

Ni kuvu. Hewa ya Pwani, giza na begi la ngozi ndivyo vinavyomlea. Begi la ngozi ni la kubebea, siyo la kuhifadhia. Hifadhi kamera kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uitoe itumike. Kuvu kidogo pembeni hakionekani kwenye picha. Kilichoenea katikati hupunguza ukali na kufanya taa zing'ae ovyo, na kikikaa muda mrefu hula hata mpako wa kioo, kwa hiyo mpelekee fundi mapema.

Naenda kununua. Niangalie nini?

Fungua mgongo, weka B, f/3.5, ushikilie kitufe na umulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Kuvu na ukungu vitajitokeza. Sikiliza sekunde 1, 1/2 na 1/4: kila moja iwe fupi kuliko iliyotangulia. Zungusha kifundo cha kulengea mwanzo hadi mwisho, kiwe chepesi bila kucheza. Tazama bamba la lenzi kutoka juu. Likiwa limeinama upande, kamera imewahi kuanguka, na ukali hautakaa sawa pande zote. Kipima mwanga kilichokufa ni cha kupunguzia bei tu.

Nimerithi kamera na kaunta inaonyesha 7. Kuna filamu ndani?

Huenda. Usifungue mgongo kuchungulia. Zungusha hendeli taratibu. Ukihisi uzito wa karatasi, filamu imo. Piga picha zilizobaki ukiielekeza penye mwanga wa kutosha, ongeza hatua mbili kuliko ISO inavyotaka kwa sababu imeshachoka, kisha imalize na uitoe kivulini. Kama ni ya rangi na imekaa miaka mingi, isafishe kwa dawa ya nyeusi na nyeupe: rangi zimeshakufa, ila taswira mara nyingi bado ipo. Skani picha ya kwanza hadi ya sita kabla ya kumwonyesha mtu yeyote nyumbani, maana hujui ni za nani.